Kiwakilishi cha Kiboko

Hakuna kitu cha dunia hii kinachoweza kunishangaza mimi. Nimefundisha Kiingereza Mpanda mjini zaidi ya miaka kumi nikiwa na cheti cha darasa la saba, na hicho chenyewe kililiwa na mchwa kule kwetu Mwamkulu kabla sijamwonyesha mwajiri hata mmoja. Mtu wa namna hiyo atashangazwa na nini tena? Nyie vijana mna digrii, mna simu zinazowatafsiria mpaka ndoto, lakini nikimuuliza mmoja wenu tofauti ya "a" na "the" anaanza kutazama dari. Mimi naijua, na kila aliyekaa kwenye benchi langu aliondoka anaijua. Ndiyo maana mpaka leo nikikatiza Makanyagio, hata mtoto asiyejua tensi ni mdudu gani ananiambia, "Shikamoo Mwalimu Tensi."

Sasa nawaandikia namna tulivyoifanya kazi hii miaka ya tisini, maana naona watu wanadhani Kiingereza kilianza na hizi shule za soksi ndefu.

Siku yangu ya kwanza kazini haikuwa darasani. Ilikuwa stoo, kwenye shirika moja lililokuwa linahudumia wakimbizi. Mkubwa wangu tulimwita Bwana Stoo, mtu mnene wa taratibu, aliyekuwa anatembea kati ya magunia kama padre anayebariki makaburi. Akanipa chaki na vipande vya ubao, akaniambia niandike kwa Kiingereza kila rundo ni la nini, kwa sababu wageni walikuwa wanakuja kukagua. Nilikuwa nimeshawaambia watu nyumbani kwamba Kiingereza nakijua. Nikaandika kwa herufi kubwa: TWO FLOURS.

Bwana Stoo akakiokota kile kibao.

"Kijana, hii ni nini?"

"Unga, mzee."

"Miwili?"

"Magunia mawili, mzee."

"Basi hesabu gunia. Unga utauhesabu mpaka Yesu arudi, na hutamaliza."

Hilo ndilo somo langu la kwanza la sarufi, na nililipokea nikiwa nimejaa vumbi la mahindi mpaka kwenye kope. Nomino ni jina la kitu, mtu, mahali au jambo. Lakini nomino za Kiingereza hazilingani: kuna zinazohesabika na kuna zisizohesabika. Gunia linahesabika, unga hauhesabiki. Ndoo inahesabika, maji hayahesabiki. Ukitaka kuhesabu unga lazima uutie kwenye chombo kwanza. Wenzangu waliokwenda sekondari waliisoma hiyo kwenye vitabu wakaisahau mwezi wa sita. Mimi niliibeba mgongoni, kilo tisini tisini, nitaisahauje?

Stoo nilikaa mpaka shirika lilipopunguza watu, nikahamia gereji ya misheni. Huko mkubwa wangu alikuwa Bruda, mzungu fundi, ambaye Kiswahili chake kilikuwa na maneno ya spana tu. Stoo kulikuwa na nomino. Kwa Bruda kulikuwa na vitenzi. Inua, shika, achia, sukuma, ngoja. Kitenzi ni neno la kutenda, na kwa Bruda usipokielewa mara moja unapoteza kidole. Nilijifunza vitenzi vingi kwa woga, na woga ni mwalimu mzuri kuliko fimbo.

Siku moja alikuwa anataka kutoka kwenda Usevya na gari, akaniuliza kwa Kiingereza kama nimeshakaza gurudumu la nyuma. Nikamjibu, "Yes, I tighten."

Akashuka. Akazima gari. Akanifuata na ule Kiswahili chake.

"Wewe tighten lini? Kila siku? Kesho? Bruda hapana panda gari ya 'I tighten'. Bruda panda gari ya 'I tightened'."

Hapo nikaelewa tensi, yaani wakati wa kitenzi. Kiswahili kinaweka wakati katikati ya neno, nakaza, nilikaza, nitakaza, nao umetulia mle kama kokwa. Kiingereza kinaupachika mwishoni, ile "-ed" ndogo ambayo ukiisahau gurudumu linachomoka. Na wakati mwingine wakati haukai hata kwenye kitenzi chenyewe, unabebwa na kitenzi kisaidizi kinachotangulia. Kitenzi kisaidizi nilikuwa nawaelezea wanafunzi hivi: ni utingo wa lori. Haendeshi, na mzigo si wake, lakini asipogonga bodi lori haliondoki.

Bruda aliporudi kwao, mimi nilikuwa na nomino za stoo, vitenzi vya gereji, na kamusi aliyoniachia ambayo haikuwa na herufi A wala B. Nikaona haya ni mtaji. Nikapanga chumba Makanyagio, nyuma ya mashine ya kusaga, nikapaka ubao kwa masizi ya betri za redio, nikafungua darasa.

Lile darasa nalikumbuka mpaka machozi yananilenga. Mashine ikiwashwa hakuna anayesikia kitu, kwa hiyo tulikuwa tunafanya mazoezi ya kuandika wakati wa kusaga, na ya kusema wakati wa kupepeta. Mpaka leo nikisikia mashine ya kusaga mkono wangu unatafuta chaki. Walikuja wa kila namna. Mama Kashindi, mwenye nyumba ya kulala wageni, aliyetaka kuandika bei zake na masharti yake kwa Kiingereza ili watu wa migodini wamheshimu. Masanja, Msukuma aliyeshuka na ng'ombe za baba yake kutoka kaskazini, mrefu, mwenye mabishano, aliyekuwa anaegesha baiskeli yake mle mle darasani. Na Nestori, kijana mpole aliyezaliwa makazi ya wakimbizi ya Katumba kwa wazazi waliotoka Burundi. Nestori aliandika mwandiko mzuri kuliko wangu, na mimi sisemi hivyo kuhusu watu wengi.

Sikuwa na kitabu cha kufundishia, na nashukuru sikuwa nacho. Nilifundisha kwa vitu walivyovijua. Kibainishi, yaani hivyo "a" na "the" vinavyotangulia nomino, Kiswahili hakina, na ndivyo vinavyowatesa watu mpaka chuo kikuu. Mimi nilikimaliza kwa asubuhi moja.

"Ng'ombe kaingia kwenye mahindi yangu," niliwaambia. "Simjui ni wa nani. Huyo ni 'a cow'. Nikafuata nyayo zake mpaka nyumbani kwa mwenyewe. Sasa anajulikana, na faini inajulikana. Huyo ni 'the cow'."

Masanja akanyoosha mkono. "Mwalimu, mbona kila siku ng'ombe ni wa Msukuma?"

"Kwa sababu kila siku mahindi ni ya kwangu."

Darasa zima likacheka, na yeye mwenyewe akacheka zaidi. Lakini Masanja alikuwa hasahau. Wiki ile ile tulifika kwenye viwakilishi, na akanikamia.

Kiwakilishi ni neno linalosimama mahali pa nomino. Nilikuwa na kanuni yangu na nilikuwa nawakaririsha: nomino ikishajulikana ipumzishe, weka kiwakilishi. Mtu anayeandika "Masanja alikuja, Masanja alikaa, Masanja aliondoka" anaandika kama anayeita mahudhurio. Kiingereza kina "he" kwa mwanaume, "she" kwa mwanamke, na "it" kwa kitu au mnyama.

"Simama hapo hapo, Mwalimu," Masanja akasema. "Kitu au mnyama?"

"Ndiyo."

"Kwa hiyo ng'ombe na ndoo ni kitu kimoja?"

"Kwa Kiingereza ndivyo walivyopanga."

"Walipanga vibaya. Kiswahili tunasema ndoo imelala? Ndoo imeanguka, basi. Ng'ombe amelala, ng'ombe amekasirika. Tunampa 'a' ile ile ya mtu, ya mwanzo wa kitenzi. Nina dume kule nyumbani anaitwa Mabala, ukimkosea anakaa na hasira mpaka msimu wa pili. Huyo naye 'it'?"

Mama Kashindi akadakia, "Masanja, hilo dume lako ni 'he', na mume wangu ndiye 'it'. Akikaa hapo hatikisiki."

Nikawaacha wacheke, nikafikiri. Mwalimu wa kawaida angesema kitabu kinasema hivyo, nyamaza. Mimi si wa kawaida. Nikatoa hukumu: mnyama usiyemjua ni "it". Mnyama unayemjua, unayejua tabia zake na ukoo wake, huyo ni "he" au "she". Masanja akaridhika. Nestori, pale pembeni, akaiandika kwa ule mwandiko wake. Na hukumu ile ilikuwa sahihi. Miaka mingi baadaye alipita mzungu mmoja msomi wa ndege na wanyama, nikamuuliza, akasema hata kwao wanafanya hivyo hivyo kwa mbwa na farasi.

Sasa mjue kitu kimoja kuhusu darasa langu. Sikuwa natoa vyeti. Cheti changu kilikuwa ni watu kupata kazi. Mama Kashindi alijaza vyumba, mwingine akapata kazi ya posta, na kila mmoja aliyepata aliniletea wawili. Kwa hiyo kambi moja ya watalii wawindaji kule karibu na Usevya ilipotafuta karani anayeweza kuandika ripoti ya kila wiki kwa Kiingereza, na Meneja wa Kambi akawapima vijana tisa na kumchukua Nestori, mimi nililala nikiwa nimevimba kama chapati.

Kwa Nestori ilikuwa zaidi ya sifa. Wakati ule mtu wa makazini hakutoka Katumba kama unavyotoka wewe nyumbani kwenda sokoni. Alihitaji kibali, na kibali cha Nestori kilitaja ile kazi. Kazi ikifa, kibali kimekufa. Akipata kesi polisi, hata ya kuku, ndiyo kabisa, asingepewa kingine. Baba yake alikuwa ameshafariki, na mama yake na wadogo zake walikuwa wanaula ule mshahara.

Alifanya kazi vizuri karibu kiangazi kizima. Halafu Meneja wa Kambi akaenda likizo kwao Ulaya, akamwachia Nestori ripoti aziandike na kuzituma mwenyewe kwa ndege ndogo mpaka makao makuu mjini, kwa Mkurugenzi ambaye hakuwahi kukanyaga ile kambi.

Pale kambini kulikuwa na kiboko mzee. Mnajua maji ya Katavi yanavyokauka kiangazi, viboko wanabanana kwenye matope kama maharage kwenye sufuria, na dume kijana anamshinda dume mzee anamfukuza. Huyu aliyefukuzwa akahamia bustani ya kambi, kwenye kabichi za wageni. Watu wa kambi hawakumwita kiboko. Mnyama mkubwa anayezunguka karibu yenu hamumtaji jina lake, mnampa heshima ili akae mbali. Walimwita Mzee. "Mzee amekuja." "Mzee amelala njiani." Mwishoni akaanza kukimbiza watu wanaochota maji, na askari wa wanyamapori, aliyekuwa na ruhusa ya serikali, akampiga.

Nestori akakaa mezani akaandika ripoti ya wiki. Ile karatasi niliiona kwa macho yangu na naikumbuka neno kwa neno, kwa sababu ni Kiingereza changu mimi: "The old man came again to our garden. His relatives chased him from the river and he has no place to go. The scout shot him two times. He died at the gate. We shared him with the people of the village. They were very happy."

Yaani: mzee alikuja tena bustanini kwetu. Ndugu zake walimfukuza mtoni na hana pa kwenda. Askari alimpiga risasi mbili. Alikufa getini. Tulimgawana na watu wa kijiji. Walifurahi sana.

Itazameni. Tensi zimekaa sawa. Kuna "the", kwa sababu mzee huyo anajulikana. Nomino imetajwa mara moja ikapumzishwa. Nikipewa leo naisahihisha naipa mia kwa mia. Lakini Mkurugenzi hakuwa mtu wa kusahihisha. Aliisoma, akapiga simu, simu ikapiga simu nyingine, na siku ya pili Nestori alishushwa Mpanda mjini na polisi, pamoja na nakala ya ripoti yake.

Masanja ndiye aliyeniletea habari. Alisimamisha baiskeli mlangoni, akasema, "Mwalimu, Nestori yuko ndani. Wanasema kambi yao imeua mzee wa watu."

"Mzee gani?"

"Sijui. Mzee."

Nikaacha chaki nikaenda. Mkuu wa Kituo alikuwa ananifahamu, nikaruhusiwa kukaa benchi la nyuma. Nestori alikuwa amesimama peku, mkanda wameshamvua, anashikilia suruali kwa mkono mmoja. Kumbe yeye alidhani anashitakiwa kwa kuua kiboko bila kibali, kwa hiyo alikuwa anajibu kila kitu kwa ukweli na unyenyekevu, na kila jibu lilikuwa linamzamisha.

"Huyu mzee mlikuwa mnamfahamu?" Mkuu akauliza.

"Tulimfahamu vizuri, afande. Alikuwa anakuja kila siku."

"Ndugu zake wako wapi?"

"Wako mtoni, afande. Wao ndio waliomfukuza."

"Walimfukuza kwa kosa gani?"

"Kijana mmoja alimshinda nguvu, afande, akachukua wake zake wote."

Mkuu akaandika. "Wake wangapi?"

"Kama kumi na watano hivi."

Konstebo aliyekuwa mlangoni akapiga mluzi mdogo, Mkuu akamkata jicho.

"Halafu mkampiga risasi."

"Sio mimi, afande. Ni askari. Mzee alikataa kuondoka, na alishamjeruhi mpishi."

"Mkamzika wapi?"

Nestori akashangaa. "Hatukumzika, afande. Watu wa kijijini walikuja na mapanga."

Kalamu ikasimama. "Kufanya nini?"

"Kugawana. Hata sisi wa kambini tulipata. Mimi walinipa paja."

Konstebo akasogea mbali na Nestori hatua moja.

Mimi nilikuwa nimeshaelewa tangu kwenye wale wake kumi na watano. Nikasimama.

"Mkuu, naomba niulize swali moja."

"Wewe ni wakili?"

"Mimi ni mwalimu wake wa Kiingereza."

"Basi kaa. Wewe ndiye uliyemfundisha haya."

"Swali moja tu, Mkuu."

Akanipungia kalamu.

"Nestori," nikasema, "huyo mzee alikuwa na miguu mingapi?"

"Minne, Mwalimu."

Mkuu wa Kituo akavua miwani. Akamtazama Nestori, akaitazama karatasi, akamtazama tena. Kwa sauti ya chini akauliza, "Na mkia?"

"Mfupi, afande. Wa kiboko."

Sikilizeni ndugu zangu, nimekaa kwenye harusi, nimekaa kwenye ngoma za mavuno, sijawahi kuona watu wazima wakicheka vile. Konstebo alitoka nje akashika ukuta. Lakini Nestori hakucheka, na Mkuu alipomaliza kujifuta macho, yeye pia hakuwa anacheka tena.

"Naamini," akasema. "Mimi naamini. Lakini wa juu yangu hawajaona miguu minne, wameona karatasi. Karatasi inasema mtu. Siwezi kuwajibu kwamba mwalimu wa nyuma ya mashine amekataa. Mniletee kitu kinachosema kiboko. La sivyo kesho kutwa huyu anapelekwa mkoani, na barua ya kufuta kibali chake inakwenda makazini siku hiyo hiyo."

Askari aliyepiga risasi alikuwa ameingia porini kwenye doria, haijulikani atarudi lini. Kilichobaki kambini kilikuwa ni kichwa, maana kichwa na meno ya kiboko ni nyara ya serikali na kilikuwa kinasubiri gari. Gari lenyewe la ofisi ya wanyamapori lilikuwa juu ya mawe halina magurudumu. Wakanipa kibali cha maandishi cha kusafirisha nyara, na Mkuu akanipa yule konstebo wa kunisindikiza.

"Nauli?" nikauliza.

"Nani anamtaka huyu kijana," Mkuu akasema, "mimi au wewe?"

Nestori alisikia hilo kabla hawajamrudisha ndani. Akaniambia, "Mwalimu, mama asijue." Nikamwambia hakuna cha kujua.

Tukapanda lori la kwenda Mpimbwe, konstebo na mimi, tukafika kambini tukiwa weupe kwa vumbi. Kichwa kilikuwepo, nyuma ya jiko, kimefunikwa kwa matawi. Kichwa cha kiboko dume si kitu cha kubeba kwenye kikapu. Tulikibeba watu wanne mpaka barabarani, na harufu yake ilikuwa inatangulia mbele kama mpiga tarumbeta. Lori la kurudi lilikuwa limepakia mpunga, na abiria juu ya mpunga. Utingo wake akatutazama kutoka juu.

"Mko wangapi?"

"Wawili," nikasema, "na mzigo."

"Mzigo uko wapi?"

"Huu hapa."

"Huo si mzigo. Mzigo unafungwa kwenye gunia. Huyu ana macho, ananiangalia. Na akipanda, nafasi yake hatakaa mtu mwingine, na wa kulia na wa kushoto watahama. Huyu analipa watu wawili."

"Bwana mdogo, hiki ni kichwa."

"Kichwa cha nani?"

"Cha kiboko."

"Basi yeye analipa wawili."

Mimi ni mtu wa hoja, lakini nilitazama jua lilipokuwa, nikafikiri kijana yule amekaa peku kwenye saruji, nikalipa. Konstebo akacheka mpaka Usevya ilipotoweka nyuma yetu. Tulipofika Sitalike, pale darajani, mto ulikuwa umejaa viboko kama kawaida, migongo kwa migongo. Lori lilipopunguza mwendo baadhi yao wakainua vichwa wakatutazama, na sisi tuna wa kwao juu ya mpunga. Konstebo akavua kofia.

"Poleni wafiwa," akawaambia.

Mkuu wa Kituo alikipokea kichwa nje, akiwa ameziba pua kwa leso. Alikizunguka mara moja, akahesabu meno, akaingia ndani akapiga simu, na sisi tukamsikia akisema, "Hapana, mheshimiwa. Kiboko. Ndiyo, wa majini. Hapana, mheshimiwa, ndivyo wanavyomwita." Akatoka, akamwambia konstebo, "Mpe mkanda wake."

Nestori alifunga mkanda pale pale barazani, akakaa chini kufunga viatu, vidole vikawa vinashindwa na kamba. Nikainama nikamfungia. Sikuona haya, ingawa watu walikuwa wanapita.

Kazi hakufukuzwa. Mkurugenzi alituma ujumbe kwamba kuanzia siku hiyo kila mnyama kwenye ripoti aandikwe jina lake, na baada ya jina ni "it", awe tembo, awe siafu. Nestori akaandika "it" miaka yote aliyokaa pale. Mara moja alikuja Makanyagio kunisalimia, tukanywa chai na Masanja kwa Mama Kashindi, akaniambia, "Mwalimu, nikiandika 'he' nilikuwa namwona mnyama anakuja. Nikiandika 'it' naona karatasi tu." Masanja akamwambia hiyo ndiyo aliyokuwa anaisema tangu mwanzo na hakuna aliyemsikiliza.

Darasa nililifunga mwenyewe, bila kufukuzwa na mtu. Zilikuja shule za Kiingereza, zenye mabasi, zenye walimu wa kununua, na mwenye mashine akataka chumba chake aweke mashine ya pili. Mama Kashindi ameshatangulia mbele ya haki. Masanja ana mifugo mingi kuliko maneno, na hilo si jambo dogo. Nestori ni raia sasa, ana karatasi zake, ana shamba lake, na binti yake mkubwa anafundisha sekondari, Kiingereza, somo lenyewe. Nimemsikia akifundisha. Si mbaya.

Vijana huwa wananiuliza, Mzee Tensi, hukusoma sekondari, hukusoma chuo, hicho Kiingereza chote ulikilipia shilingi ngapi? Nawajibu ukweli. Nomino nililipwa nikiwa nazibeba. Vitenzi nililipwa nikiwa navikaza. Tensi, vibainishi, vihusishi, vyote hivyo vilinilisha mimi, sikuvilisha. Katika lugha nzima ya Kiingereza ni neno moja tu nililolinunua kwa fedha ya mfukoni mwangu, neno lenye herufi mbili, "it". Kwenda wawili, kurudi wawili na yeye kwa nafasi ya wawili, pamoja na wali wa konstebo na soda yake, lilinigharimu shilingi elfu tisa mia nne na hamsini.